Mvumo na ngurumo: lori "linavuma" au "linanguruma"?

Mfasiri_Jinja

Wandugu, naomba mnitoe kwenye tope. Ninaandaa fomu ya ukurasa mmoja ambayo madereva wa malori watajaza wakirudisha gari, kabla fundi hajaligusa. Kipengele cha sauti ndicho kinachonikwamisha. Nimeweka visanduku vitano: mluzi, mgongano, msuguano, mvumo, ngurumo. Vitatu vya kwanza havina ubishi. Viwili vya mwisho kila anayeviona anavisoma kivyake. Mmoja anasema ngurumo ni mvumo uliozidi ukubwa. Mwingine anasema mvumo ni wa upepo, kwenye gari hauna kazi. Wa tatu, Mganda wa Masaka, alipoona "gari linavuma" aliishia kucheka.

Kamusi zinanizungusha: nikifungua hiki naambiwa ni sauti nzito, nikifungua kile naambiwa ni sauti nzito. Madereva wenyewe wanatoka Arua, Gulu, Mbale, Masaka, na wapo Wakongo na Wakenya, kwa hiyo neno lazima lifahamike kwa wote kwa namna moja.

Tofauti ni ukubwa wa sauti, ni chanzo chake, au ni jambo jingine kabisa? Na dereva akitia alama kwenye kisanduku kimoja badala ya kingine, kuna hasara karakana, au huu ni ubishi wa walimu tu?

---

Mwl_FortPortal

Ukubwa uutoe kabisa, ndio unaowapoteza watu. Kuna mvumo unaoziba masikio, na kuna ngurumo ndogo kiasi kwamba anayeisikia ni wewe peke yako: ya tumbo lako mwenyewe saa saba mchana. Hakuna asemaye "tumbo linavuma", hata likisikika chumba kizima.

Angalia vitenzi vyenyewe. *Kuvuma* ni kutoa sauti nzito inayokwenda mfululizo, haikatiki. Upepo huvuma, nyuki huvuma, bahari huvuma, ngoma kubwa huvuma. Kutoka hapo ndipo tukapata maana ya kujulikana: jina linavuma, habari zinavuma, maana zinasambaa bila kukoma kama upepo. Methali ya *avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo* inasimama juu ya maana hiyo, na *ngoma ivumayo haidumu* inazicheza zote mbili kwa pamoja.

*Kunguruma* ni kutoa sauti nzito inayobingirika. Inapanda, inashuka, inakatika, inaanza tena, na msikilizaji huihisi kama inatoka ndani ya kitu: kifuani mwa simba, tumboni, ndani ya wingu, ndani ya injini. Mbwa akikubwekea hajanguruma bado. Akiacha kubweka, akafumba mdomo nusu, ukasikia kitu kooni mwake, hapo ananguruma, na hapo ndipo pa kurudi nyuma hatua mbili.

Kipimo ninachokipenda ni cha kuhesabu. Ngurumo huhesabika: tulisikia ngurumo tatu, kisha mvua ikashuka. Mvumo hauhesabiki hivyo, hupimwa kwa muda: mvumo wa usiku kucha. Ukisema "mivumo mitatu", msikilizaji ataelewa aina tatu za mvumo au vyanzo vitatu. Hataelewa mara tatu.

Kisarufi: mvumo ni wa ngeli ya mvumo/mivumo, *mvumo unasikika*. Ngurumo haibadiliki umbo, *ngurumo inasikika, ngurumo zinasikika*. Utakutana pia na *mngurumo*, na *muungurumo* kutoka *kuunguruma*, hasa kwa injini. Yote ni ukoo mmoja. Wala usikubali *mavumo*, ambalo wanafunzi wa kidato cha kwanza hulileta kila muhula, na usiruhusu *uvumi* likae mahali pa mvumo. Uvumi ni habari isiyo na mwenyewe.

---

Pakwach_B

Mwalimu, kwa heshima, hilo la mwisho umelibana mno. Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka, Matendo 2:2, ina "uvumi wa upepo". Waliotafsiri hawakukosea. *Uvumi* lilikuwa jina la sauti kabla halijabanwa na magazeti likabaki la porojo.

---

Mwl_FortPortal

Nimekubali, ndugu. Niseme hivi: kwa msomaji wa leo *uvumi* litampeleka kwenye porojo, hivyo kwenye fomu lisitumike. Si kosa la lugha.

---

Nakasero_Kona

Kuhusu yule Mganda aliyecheka, ana haki yake. Kwa Luganda *okuvuma* ni kutukana. Kwa hiyo "gari linavuma" masikioni mwake ni gari linalomtukana dereva, jambo ambalo kwa baadhi ya magari ya hapa Kampala si mbali na ukweli.

Lakini mwambie Luganda lina jozi hii hii, tena iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Upepo husemwa *empewo ewuuma*, na simba *ewuluguma*. Hakuna Mganda atakayemfanya simba awuume. Basi mpe kamba hiyo ashike: panapokaa *okuwuuma* weka kuvuma, panapokaa *okuwuluguma* weka kunguruma. Hapati shida tena. Na wa magharibi pia waonywe, kwani masikio yao hayajazoea *kuvuma* kama neno la sauti. Kiswahili wengi wetu tumekipatia shuleni, sokoni au kwa maafande, na huko kote upepo "unapuliza" tu.

---

Fundi_Ndeeba

Umeuliza kama kuna hasara. Ipo, na inalipwa kwa shilingi.

Kwenye lori, mvumo na ngurumo karibu kila mara vinatoka sehemu mbili tofauti za gari. Mvumo unatoka kwenye vitu vinavyozunguka na magurudumu: beringi za habu (kitovu cha gurudumu), matairi, difu (gia za ekseli ya nyuma). Ngurumo inatoka kwenye injini na njia ya moshi. Dereva akiandika "linanguruma", fundi anaingia chini kutafuta tundu la sailensa. Anaziba, anachomelea, gasketi mpya, gari linatoka. Beringi iliyokuwa inavuma inaendelea kujila barabarani. Kwenye lori beringi ya habu ikiisha kabisa inapata moto, grisi inayeyuka na kuungua, na mwisho gurudumu linakwama au linachomoka. Kwa hiyo, mfasiri, kisanduku kimoja kinaweza kumfikisha mtu pabaya.

Namna ya kuvitenganisha dereva akiwa bado barabarani:

Kwanza asimame, gia iwe nyutro, apige resi taratibu. Sauti ikipanda na kushuka na resi wakati gari limesimama, hiyo ni ya injini au ya moshi. Kwenye fomu ni ngurumo. Kama kimya, aendelee na safari.

Pili, kwenye lami iliyonyooka isiyo na magari mengi, afike kilomita 60 kwa saa. Mvumo wa beringi kwa kawaida huanza kusikika kati ya 40 na 50 na hupanda pamoja na mwendo. Abadilishe gia bila kubadilisha mwendo: resi za injini zitabadilika, mvumo utabaki pale pale. Hapo amekwisha kujua kwamba chanzo si injini. Asiweke nyutro kwenye mteremko kwa ajili ya jaribio hili. Lori lenye mzigo likikosa injini ya kulizuia, breki peke yake zitapata moto.

Tatu, kona ndefu ya taratibu. Gari likikata kushoto uzito unahamia kulia. Mvumo ukizidi hapo, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa. Ukizidi likikata kulia, tazama ya kushoto. Hii si sheria ya Musa, hasa kwenye ekseli ya nyuma yenye matairi mawili mawili, lakini inapunguza kazi.

Nne, tairi. Tairi lililoliwa kwa mawimbi linavuma sawasawa na beringi, na hata fundi hudanganyika. Tofauti yake: mvumo wa tairi hubadilika ukivuka kutoka lami kuukuu ya kokoto kwenda lami mpya laini. Wa beringi haujali. Jaribio hili lisifanywe kwenye marramu (barabara ya changarawe), maana kelele za mawe zinafunika kila kitu.

Akifika karakana, gurudumu liinuliwe kwa jeki na stendi iwekwe. Lishikwe juu na chini, litikiswe. Mchezo unaosikika mkononi ni beringi au kingipini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia), na anayetaka kujua ni ipi amwambie mwenzake akanyage breki: mchezo ukipotea, ni beringi. Kisha lizungushwe kwa mkono huku kiganja cha pili kikiwa kwenye springi. Beringi mbovu huitetemesha springi kama inasaga mchanga. Kabla ya yote hayo, baada ya safari ya kilomita 20 au 30, mgongo wa mkono usogezwe karibu na habu bila kuigusa, kushoto na kulia vilinganishwe. Inayochoma kuliko mwenzake ndiyo ya kufungua kwanza. Ukiona na grisi imetapakaa ndani ya rimu, sili imekufa.

Kwa ngurumo ya moshi: tafuta masizi meusi kwenye maungio na gasketi ya manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda). Tundu likiwa kabla ya tabo (mtambo unaosukuma hewa injini kwa nguvu ya moshi), mbali na ngurumo lori litapoteza nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi, kwa sababu moshi uliopaswa kuzungusha tabo unavujia njiani. Na tundu lililo karibu na kabini lisiachwe hata kama dereva anasema ameizoea sauti. Katika moshi kuna kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, mtu analala usingizi usio wake.

Kuna kitu kimoja kinachovunja kanuni yangu. Beringi ya kati ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu ekseli ya nyuma) ikiisha, gari likiondoka na mzigo sakafu yote inatetemeka na sauti inabingirika, kisha mwendo ukikolea inatulia. Hiyo nami naiita ngurumo ingawa haitoki injini.

---

Mitambo_Mbale

Fundi hajavunja kanuni yoyote, amegusa pale pale penye siri yake. Niongeze upande wa sauti yenyewe, maana mwalimu alisema "inabingirika" na mtu anaweza kudhani ni ushairi.

Sikio la binadamu likipigwa mapigo machache kwa sekunde, linayasikia moja moja. Mapigo yakipita karibu 20 kwa sekunde yanaanza kuungana, na yakizidi sana linasikia sauti moja iliyonyooka. Ngurumo ni mapigo ambayo bado hayajaungana. Mvumo ni mapigo yaliyoungana. Mengine yote yanafuata.

Chukua pikipiki ya boda yenye silinda moja, resi ya kusimama mizunguko 1,400 kwa dakika. Injini ya mapigo manne huwaka mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo 700 kwa dakika, karibu 12 kwa sekunde. Unazisikia moja moja, pu-pu-pu. Inanguruma. Sasa chukua gari dogo la silinda nne kwa resi 3,000: mizunguko 50 kwa sekunde, kila mzunguko unawaka mara mbili, jumla 100 kwa sekunde. Hapo sikio halihesabu tena. Injini hiyo hiyo iliyokuwa ikinguruma kwenye taa za Wandegeya inavuma ikifika barabara ya Entebbe. Ndiyo maana watu wanabishana kuhusu injini na wote wako sawa, kila mmoja anaizungumzia kwenye resi yake.

Mpaka wenyewe hauko kama kisu. Kati ya 20 na 60 hivi sikio linapata vyote, sauti na mtikisiko kwa pamoja. Jenereta dogo la dukani, silinda moja, resi 3,000, huwaka mara 25 kwa sekunde, limekaa juu ya mpaka kabisa. Umeme ukikatika mtaa mzima, sikiliza: la jirani wa mbali linavuma, la kwako mlangoni linanguruma. Mashine ni zile zile.

Transfoma ya kwenye nguzo ndiyo mvumo halisi kuliko vyote. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na chuma cha ndani hujinyoosha na kurudi mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo huvuma kwa 100, usiku na mchana, haupandi wala haushuki. Transfoma ikianza *kunguruma*, yaani sauti ikawa inakatika na kurukaruka, usisimame chini yake. Piga simu kwa wenye umeme.

Neno hilo hilo linatusaidia kwenye spika za kanisani na za sherehe. Spika ikivuma, shusha sauti ya kuingilia mpaka sifuri. Mvumo ukipotea, tatizo ni waya wa kuingizia au athi (waya wa ardhini), mara nyingi vifaa viwili vimechomekwa soketi zilizo mbali. Ukibaki, kapasita za ugavi wa umeme ndani ya amplifaya zimechoka. Na spika ikitoa ule mlio mkali wa kukata masikio kwa kuwa maikrofoni imeielekea, huo si mvumo, na anayeuandika hivyo anamtuma fundi kwenye kapasita bure.

---

Nakasero_Kona

Na radi je? Kwa maelezo yako kila radi ingekuwa pigo moja. Mbona inabingirika?

---

Mitambo_Mbale

Kwa sababu njia ya radi angani ina urefu wa kilomita kadhaa, na sauti inatembea karibu mita 340 tu kwa sekunde. Sehemu ya njia iliyo karibu nawe inakufikia kwanza, ya mbali inafuata, na mwangwi wa mawingu na milima unaongezea. Ndiyo maana radi ikipiga jirani husikii ngurumo kwanza. Unasikia mpasuko mmoja mkavu, na Kiswahili kinasema imepasuka au imepiga. Ya mbali ndiyo inayonguruma. Ukiona mwanga wa umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo ifike, gawa kwa tatu, umepata kilomita. Sekunde sita ni kilomita mbili, na umbali huo ni mdogo. Mtu awe ndani, aondoke chini ya mti, asisubiri mvua imguse.

---

Pakwach_B

Naomba niwapinge wote watatu kwa mfano mmoja. Maporomoko ya Murchison. Mto Nile unabanwa kwenye mwanya wa mita kama 7 na kuanguka mita 43 hivi. Sauti yake haikatiki tangu dunia iumbwe, kwa hiyo kwa kanuni yenu ni mvumo. Lakini wenyeji wanaotumia Kiswahili pale, madereva wa watalii na askari wa wanyama, wanasema "ngurumo ya maji". Mnawasahihisha?

---

Mwl_FortPortal

Siwasahihishi. Inategemea wamesimama wapi. Aliye kwenye boti chini ya mto, kilomita kadhaa nyuma, anasikia mvumo uliolala sawa kama mkeka. Aliyepanda juu mpaka kwenye mwanya, ardhi inatikisika chini ya nyayo zake, maji yanapiga mwamba kwa mafungu, fungu kubwa, fungu dogo, naye anaihisi kifuani kabla ya masikioni. Akisema ngurumo amesema kweli. Mwandishi mzuri angetumia yote mawili katika safari moja: *mvumo wa maporomoko ulitupokea mbali, tulipofika ukageuka ngurumo*. Ukibadilisha nafasi za maneno katika sentensi hiyo, msomaji atahisi umemrudisha nyuma.

Halafu kuna kitu ambacho hesabu za ndugu wa Mbale hazikigusi: ngurumo hubeba hofu. Simba wa Ishasha hunguruma, na 1 Petro 5:8 kuna simba angurumaye akitafuta wa kummeza. Mtu mwenye hasira hunguruma. Mvumo hauna nia. Upepo uking'oa mabati ya shule nzima bado tunasema ulivuma. Mtu akikwambia upepo "uliunguruma", ujue tayari ameufanya mnyama, na katika hadithi hilo linaruhusiwa. Katika fomu ya gari halifai.

---

Mzinga_Arua

Nyuki wamepita haraka mno hapo juu. Kwa wafugaji wa West Nile neno *mvumo* ni la kazi, si la mapambo, na ndani yake mna ngazi.

Nyuki mmoja akiruka hupiga mabawa karibu mara 230 kwa sekunde, hapo hakuna pigo la kuhesabu, ni mvumo mtupu. Mzinga mzima wenye malkia na chakula huvuma chini, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Gonga ubavu kwa kidole mara moja: mvumo unapanda ghafla na kushuka ndani ya sekunde chache. Hao wazima. Ukigonga, ukapanda, ukaendelea kulalamika mrefu bila kushuka, mara nyingi hawana malkia. Fungua, tafuta mayai. Yakikosekana mayai na mabuu machanga, wape fremu yenye mayai kutoka mzinga mwingine wajilelee malkia wao. Usikimbilie kuhukumu kwa sauti pekee, maana mzinga uliotoka kufunguliwa nao hulalamika, na wenye joto jingi huvuma kwa kupepea mlangoni.

Tangu lini mtu akasema nyuki wananguruma? Wakiwa laki moja, bado wanavuma. Mwalimu ana haki, ukubwa hauhusiki.

---

Kadongokamu_77

Na ngoma zetu nazo ziingie, kwani "ngoma inanguruma" naisikia redioni kila sikukuu. *Embuutu* na *empuunyi* ni nene, hizo zinavuma. *Namunjoloba* ni ndogo, sauti yake kali ya juu: hiyo inalia, haivumi hata uipige kwa hasira. *Engalabi*, ile ndefu ya ngozi ya kenge inayopigwa kwa viganja, nayo inalia. Watu wa pwani wana jozi kama hiyo, *chapuo* na *vumi*, na jina la ile nene limetoka kwenye kitenzi chenyewe. Ngoma ya kunguruma ipo tu mpigaji akizungusha mikono kwa kasi isiyo sawa, kwa makusudi, kuiga radi.

---

Mfasiri_Jinja

Mwebale nnyo (asanteni sana), nimepata kuliko nilivyoomba. Nimeandika upya hivi, nisahihisheni:

*MVUMO: sauti nzito iliyonyooka, haikatiki. Hupanda na mwendo wa gari. Gari likisimama hupotea.*

*NGURUMO: sauti nzito inayobingirika au kutikisika. Hupanda na resi. Husikika hata gari likiwa limesimama.*

Chini yake nimeweka maswali mafupi ya ndiyo au hapana: inasikika gari likiwa limesimama? Inazidi kwenye kona ya kushoto? Ya kulia? Inabadilika lami ikibadilika?

---

Fundi_Ndeeba

Nzuri. Rekebisha mawili. Ongeza swali la kuondoka na mzigo, "sakafu inatetemeka gari linapoondoka?", la sivyo propela itakosa mahali pa kukaa: inabingirika kama ngurumo lakini gari likisimama inapotea kama mvumo, dereva atachanganyikiwa na kuacha wazi. Na usiandike "hupotea" kwa mvumo bila kuweka nafasi ya mwendo ulipoanzia. Acha mstari: *huanza kilomita ____ kwa saa*. Beringi inayoanza kuvuma kwenye 30 haingoji wiki ijayo kama ile inayoanza kwenye 70.

Kona pia, andika "kona ndefu". Ukiandika "kona" peke yake kuna kijana atakwenda kuyumbisha lori la tani 20 kwenye daraja ili ajaze fomu.

---

Mwl_FortPortal

Kwangu ni moja tu: kwa wale wa Masaka weka *(empewo ewuuma)* kwa herufi ndogo pembeni ya MVUMO, wataacha kucheka. Na kisanduku kiandikwe NGURUMO. Muungurumo ni sahihi, lakini halienei.